Masika Niliyochemsha Maziwa

Niliondoka Ihembe asubuhi moja ya mwanzo wa masika, nikiwa na mtungi mtupu kichwani. Nilikuwa nimetumwa maji. Nilifika kisimani, nikakuta wasichana watatu wanangoja zamu, nikasimama nyuma yao. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na njia inayopanda kilima, na juu yake wanaume kama kumi wakitembea kwa mstari mmoja, kila mtu na kifurushi chake. Walikuwa watu wa Ruanda wanaokwenda kutafuta kazi Buganda, kama walivyokuwa wakipita kila mwaka. Nilikuwa nimewaona tangu utotoni, lakini sikuwahi kuona kilichokuwa nyuma ya pale njia ilipopinda ikapotea. Nikaweka mtungi chini, nikamwambia msichana aliyekuwa mbele yangu, "Nishikie zamu yangu, naja," nikapanda kile kilima. Nilipofika penye kona nikaona kona nyingine. Sikurudi. Watu wamekuwa wakiniuliza maisha yangu yote nilikuwa nakimbia nini, na hawapendi jibu langu. Sikupigwa, sikulazimishwa kuolewa, sikugombana na mtu. Shule yenyewe niliiacha darasa la tatu kwa namna hiyo hiyo: mwalimu alikuwa anaeleza kwa mara ya nne jambo nililokwisha kulielewa, na nje ya dirisha kulikuwa na mtu anafua jembe.

Habari za nyumbani kwetu sitazieleza hapa. Zinafanana na za wengi waliokulia kwenye ng'ombe. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, katika ile miaka ya hamsini kabla ya Uhuru, na sababu ya kuueleza sasa ni kwamba mwaka jana nilipigiwa simu nikaambiwa Mama Eunike amefariki. Nilipanda pikipiki, mimi mwanamke mzee wa miaka sabini na kitu, nikaenda Nyakasimbi kumzika. Walisoma historia ya marehemu. Ilikuwa na sentensi moja kuhusu mambo ninayotaka kuyasema: "Alikuwa mfugaji hodari wa mbuzi wa maziwa." Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wakinong'ona kama kweli maziwa ya mbuzi yanatibu pumu, huku wanakunywa chai iliyotiwa maziwa hayo hayo, wala hakuna hata mmoja aliyeangalia kushoto na kulia kabla ya kunywa. Nikacheka msibani. Mama mmoja akanishika mkono akidhani nimezidiwa na majonzi.

Nilifika kwake siku ya pili ya safari, alasiri, mvua ikiwa imenipiga mpaka kitenge kimeng'ang'ania miguuni. Wale wanaume waliokuwa wakienda Buganda walikuwa wameniacha mbali. Niliingia chini ya upenu wa banda moja la miti kujikinga, na ndani nikasikia mtu akizungumza kwa ukali, kisha akibembeleza, kisha kwa ukali tena. Nikachungulia. Alikuwepo mwanamke mnene kiasi, amevaa buti za kiume, amepiga magoti nyuma ya mbuzi mweupe asiye na pembe. Nilikuwa sijaona mbuzi wa namna ile: mrefu, chuchu zimejaa kama za ng'ombe, masikio kama majani ya mgomba yaliyonyauka. Yule mwanamke aliinua uso, hakuuliza mimi ni nani.

"Wewe, njoo ushike miguu hii."

Nikashika. Ilikuwa miguu miwili midogo, inateleza kama samaki.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kuwa sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba, mwanangu. Usiachie. Akisukuma, vuta, akipumzika, pumzika."

Mbuzi alisukuma, nikavuta, na mtoto akaanguka mikononi mwangu na maji ya moto. Mama Eunike alimfuta pua kwa kiganja, akachukua unyasi akamtekenya tundu za pua mpaka akapiga chafya. Akamgeuza, akamtazama chini ya mkia. "Jike," akasema. "Leo Jumanne. Ataitwa Jumanne." Ndipo akanitazama vizuri. "Umemkimbia mume?"

"Hapana, mama."

"Baba?"

"Hapana. Nilikuwa natazama njia."

"Basi tazama na banda. Kuna wengine wawili watazaa kabla ya Jumapili."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kama kule ni kuajiriwa. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Katika kimoja alilala yeye, katika kingine nililala mimi pamoja na watoto wa mbuzi waliozaliwa wiki ile, maana mvua ya masika ya Karagwe ni ya baridi na mtoto wa mbuzi haivumilii. Ukutani kulikuwa na koti la marehemu mume wake, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda, kwenye zahanati, na saa yake isiyotembea. Walikuwa wametoka Muleba, Walutheri, watu wa migomba na samaki. Daktari mmoja mzungu aliporudi kwao alimwachia dresa wake mbuzi watano wa kizungu. Dresa akafa, mbuzi wakazaana. Nilipofika walikuwa kumi na mmoja. Kila asubuhi Mama Eunike alichukua kopo kubwa lenye mfuniko, akalipeleka zahanati kwa watoto wasio na mama na wagonjwa wa kifua. Majike yote yaliitwa kwa siku ya kuzaliwa. Kulikuwa na Jumapili, kulikuwa na Alhamisi Mkubwa na Alhamisi Mdogo. Madume hayakupewa siku. "Nikimpa jina nitashindwa kumtoa," alisema, na kweli, masika yale yote watu walikuja na shehena ya nyasi za kuezekea au mikungu ya ndizi, wakaondoka na dume limefungwa kamba ya mgomba, na Mama Eunike aliingia ndani mpaka kilio cha mbuzi aliyelizaa kimekwisha.

Tulikula ndizi na maharage, jioni ndizi na maharage, na siku ya Jumapili ndizi na dagaa waliotoka kwao, ambao mimi niliwasukuma kando ya sahani kwa ncha ya kidole. Yeye alikunywa chai ya maziwa. Mimi nilikunywa chai kavu. Hakunilazimisha hata siku moja. Lazima nieleze jambo hili kwa wanaosoma leo, maana hata wajukuu wangu wanadhani nawatania. Kwa watu wetu, wafuga ng'ombe, maziwa yalikuwa ya ng'ombe. Mbuzi alikuwa nyama na ngozi. Mtu aliyekunywa maziwa ya mbuzi hakupewa tena kushika kyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa, kwa sababu ng'ombe wangedhurika. Mwanamke hakukamua. Na juu ya yote, maziwa hayakuchemshwa. Ukiyaweka motoni, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zinapasuka, maziwa yanakauka, na ubaya unaweza kuhamia kwa ng'ombe wa jirani. Tuliyafukizia kyanzi kwa moshi wa majani mazuri, tukayanywa yalivyo, na sijapata kunywa kitu kitamu kama kile mpaka leo.

Lakini mbuzi hakuwa ng'ombe, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ametunga sheria ya nani amkamue. Niliona uwazi huo siku ya kwanza kabisa, nikaingia. Mama Eunike alimpandisha Jumapili juu ya kibao, akambana shingo kwa miti miwili, akamwekea maganda ya ndizi, akaniambia, "Usivute. Funga kwa kidole cha juu, kisha kamua kushuka, kidole kwa kidole." Nilivuta. Jumapili akatia mguu ndani ya ndoo. Nilivuta tena, akanitazama kwa yale macho yao ya mstari, kama mwalimu wangu wa darasa la tatu. Siku ya nne maziwa yalitoka yakipiga bati, tss, tss, na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye harufu ya mbuzi na mvua nikitamani kaka zangu wote waje kuona.

Wiki ya tatu Mama Eunike alishikwa na homa. Alitetemeka chini ya koti la marehemu, akanipa kazi zote kwa maneno mafupi. "Kamua. Chuja kwa kitambaa. Chemsha mpaka yapande mara tatu. Osha kopo kwa maji ya moto. Peleka." Nilisema ndiyo, mama. Nilikamua, nikachuja, nikabandika sufuria mekoni, nikakaa mbele yake na kijinga cha moto mkononi. Sikuweza. Ningeweza kuua nyoka, ningeweza kulala kaburini, lakini kuweka moto chini ya maziwa kwa mkono wangu mwenyewe, hapana. Yeye alipoyachemsha niligeuza uso, nikajiambia ni dhambi ya Muleba. Safari hii ingekuwa yangu. Mawazoni niliwaona Jumapili na Alhamisi wote wawili wamepasuka chuchu, nami ndiye niliyewafanya hivyo. Basi nikafanya nilivyoona kwetu. Nilikata majani, nikayawasha, nikafukizia lile kopo la bati mpaka likanukia, nikatia maziwa mabichi, nikapeleka. Siku nane nilifanya hivyo. Nilijiona nimemtendea Mama Eunike wema mkubwa ambao hataujua.

Siku saba kulikuwa na mvua na baridi, maziwa yakastahimili. Siku ya nane jua likatoka. Dresa mpya wa zahanati, mtu mwembamba mwenye miwani, alifungua mfuniko mbele yangu, akaliinamisha kopo. Yalitoka mabonge.

"Haya hayakuonja moto," alisema.

Nikanyoosha mkono kulichukua kopo.

"Nina mapacha humu ndani, mama yao amezikwa juzi. Leo wanywe nini, binti? Mabonge haya?" Akanirudishia kopo. "Mwambie Mama Eunike akisimama aje mwenyewe. Wewe sikutaki tena."

Nilisikia mapacha wale wakilia nilipokuwa narudi, au nilidhani nawasikia. Nilikuwa nimeshafika mbali mno kuweza kusikia. Mama Eunike alikuwa amekaa kitandani, homa imepungua. Nililiweka kopo mbele yake. Hakuuliza. Aliingiza pua ndani, akavuta pumzi.

"Harufu hii ni ya kwenu."

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi?"

"Nane."

"Uliogopa watakauka."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja aniambie nifunge kitenge changu niende. Alishuka kitandani akiwa anashika ukuta, akavaa buti, akaenda mwenyewe mpaka mekoni. "Kama ungeniuliza, ningekuambia nimechemsha maziwa ya mbuzi hawa miaka sita," alisema. "Lakini wewe huna haja ya kuambiwa. Una macho. Kuanzia leo utachemsha wewe, na kila jioni utashika chuchu za kila mmoja na kuangalia. Ukiona ufa mmoja, nitavunja sufuria hii mbele yako." Akanipa kijinga. Alisimama nyuma yangu, anatetemeka bado, mpaka nilipokichomeka. Maziwa yalipanda. Nililia, nikayapuliza yasimwagike.

Mchana huo huo Mzee Kashumba akaja. Alikuwa jirani wetu upande wa mbugani, mzee mrefu mwenye ng'ombe wengi, na alisimama nje ya ua bila kuingia, ameegemea fimbo, kama mtu anayeogopa kukanyaga mavi ya mbwa.

"Mama Eunike, ng'ombe wangu mwekundu amekauka."

"Pole, mzee."

"Amekauka wiki hii. Ana ndama mdogo, majani yamejaa, wala hana ugonjwa. Amekauka."

"Nimesema pole."

"Miaka sita nimevumilia moshi wa maziwa yako. Nilisema ni mjane, ni mgeni, atachoka aende kwao. Sasa nakwenda kwa mkungu."

Mkungu ndiye aliyekuwa mwakilishi wa mtemi katika kijiji kile; ndiye aliyegawa ardhi na ndiye aliyeweza kuichukua. Alimwita Mama Eunike, naye akarudi na neno hili: masika yakipungua, njia zikikauka, mkungu atakuja mwenyewe kukaa uani kwetu na majirani wote. Ikionekana maziwa ya Mama Eunike yanadhuru ng'ombe, atafungasha na mbuzi wake arudi Muleba. Niliwahi kumwuliza Muleba kuna nini. Alikuwa anachambua maharage. "Kuna shemeji yangu," alisema. "Ana nyumba nzuri. Nyuma yake kuna chumba, na ndani ya chumba amekwisha kuweka kitanda changu. Aliniandikia barua kuniambia kitanda kina godoro." Akatupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharage. "Mimi sitoki hapa."

Wiki zile zilizofuata nazikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu. Alihamisha meko. Yalikuwa ndani ya jiko, hakuna aliyeyaona. Akayatoa uani, mbele, njia inapopita, na tulichemsha pale mchana kweupe. Nilisema, "Mama, unawachokoza." Akasema, "Aliyejificha ndiye mchawi." Wake wa wafugaji walipita na mizigo ya kuni, wakaziba pua kwa upande wa kanga. "Karungi!" mmoja aliniita kwa jina, alikuwa ameolewa kutoka kwetu, "mama yako anajua unapika maziwa?" Nikamjibu, "Mwambie, na umwambie yanapanda mara tatu." Kisha nikaenda bandani nikakaa katikati ya mbuzi mpaka walipokwisha kupita. Kila jioni nilishika chuchu, mbuzi kwa mbuzi. Zilikuwa laini. Alhamisi Mdogo alizidisha maziwa. Jumanne, yule niliyemvuta, alianza kurukaruka juu ya mgongo wa mama yake. Wiki ya tano niligundua kwamba nimeacha kuangalia kwa hofu. Nilikuwa naangalia kwa hamu, kama mtu anayejua jibu na bado anapenda kulisoma. Dresa naye alinikubali tena, ingawa kila siku alinusa kopo kwanza, kisha akaninusa mimi.

Mkungu alikuja asubuhi. Aliletewa kiti, wengine wakakaa kwenye nyasi: wafugaji upande mmoja, na upande mwingine watu wawili watatu wa migomba waliowahi kuchukua dume. Mzee Kashumba alisema vizuri, sitaki kumfanya mjinga. Alikuwa anampenda yule ng'ombe mwekundu. Alieleza jinsi alivyokuwa akitoa maziwa ya kujaza kyanzi mara mbili, na jinsi alivyokauka ghafla. Alimaliza kwa kusema, "Moto wa mama huyu umewaka miaka sita. Mwisho umefika kwangu."

Mkungu akamwuliza Mama Eunike kama anachemsha. Akasema anachemsha. Kama ataacha. Akasema hataacha. Watu wakaguna. Mkungu akashika kidevu, na nikaona kabisa kwamba neno lake la mwisho limekwisha kufika mdomoni. Hapo nikasimama. Mwanamke, tena binti, tena wa kupita njia. Sikupangiwa kusema.

"Mkungu, shikamoo. Ng'ombe wa mzee alikauka wiki gani?"

"Kaa chini," mtu akasema.

"Aseme," akasema mkungu.

"Wiki ile Mama Eunike alipokuwa na homa," Mzee Kashumba akajibu. "Kila mtu anajua."

"Wiki ile nilikuwa nakamua mimi. Sikuchemsha. Siku nane hakuna tone lililoona moto katika ua huu. Mwulizeni dresa, alirudisha kopo limeganda, na watoto wawili wakakosa maziwa kwa ajili yangu." Nikawageukia wafugaji. "Niliogopa chuchu zitapasuka. Mimi ni binti wa ng'ombe kama ninyi. Wiki ambayo moto haukuwaka ndiyo wiki ng'ombe alipokauka."

Mtu mmoja wa migomba akaanza kucheka, akajizuia kwa kukohoa.

"Mbuzi si ng'ombe," alisema Mzee Kashumba polepole. "Ubaya wake unaweza kukaa miaka ukatoka siku yoyote."

"Kama mbuzi si ng'ombe, mzee wangu, moshi wake unamtafutia nini ng'ombe?"

Hapo walicheka, hata wafugaji, hata mkungu alitazama pembeni. Lakini Mzee Kashumba hakucheka. Alinitazama kwa huzuni, na nikajua amepata mahali pa kunishika.

"Binti, unasema vizuri. Hukuchemsha kwa sababu uliamini kama mimi. Sasa huamini?"

"Siamini."

"Umekaa hapa masika mazima. Umeyanywa?"

Nilimtazama Mama Eunike. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia mikono yake.

"Sijayanywa."

"Basi mnaona," aliwaambia wote, tena kwa upole. "Mdomo wake unasema hivi, na mdomo huo huo umefungwa."

Sufuria ya asubuhi ilikuwa bado mekoni, imetulia, imefanya utando juu. Mbele yangu walikuwa watu watano wanaojua ukoo wangu, na yule mke aliyeniita kwa jina alikuwa amekaa karibu kabisa. Nilijua habari ingefika Ihembe kabla ya jua kuzama mara mbili. Nilijua kyanzi cha mama yangu, kile chenye mfuniko wa ukindu, hakitawekwa mkononi mwangu tena. Watu hufikiri ushujaa ni kutokujua bei ya kitu. Niliijua vizuri. Nilijua pia kitanda chenye godoro nyuma ya nyumba ya shemeji. Nilichukua kikombe cha bati, nikasukuma utando kwa kidole, nikachota, nikanywa. Nilinywa mpaka chini, nikachota tena nikanywa, kwa sababu mtu akinywa kidogo wanaweza kusema alionja. Yalikuwa na ladha ya jasho na ya karanga. Sikuyapenda. Nimeyanywa maisha yangu yote tangu siku ile, na bado sijayapenda sana.

Mkungu alisimama. Alisema mama huyu atakaa, na Mzee Kashumba atafute sababu ya ng'ombe wake kwenye ng'ombe wake. Akasema pia kwamba ng'ombe mwingine akikauka, asiitwe mpaka watu wamehesabu siku. Mzee Kashumba aliinuka wa mwisho. Alikuja mpaka kwenye mstari wa ua, pale pale alipokuwa akisimama siku zote, akaniambia bila hasira, "Ukipita kwangu mke wangu atakupa ndizi, binti. Maziwa, hapana." Nikasema, "Nimeelewa, mzee." Na Mama Eunike, walipoondoka wote, aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Mwisho alisema, "Ulikuwa na haja gani ya kikombe cha pili? Nilikuwa nimeyapima." Akanigeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yanacheka au yanalia, sikuuliza.

Ningeweza kubaki. Alinitaka nibaki, ingawa hakusema. Lakini masika yalikwisha, watoto wa mbuzi wakaanza kula majani, na wanaume wengine wa njia ya Buganda wakawa wanalala chini ya upenu wetu wakingoja matope yakauke. Nilikuwa nikiwasikiliza wakati wa kukamua jioni. Mmoja alisema upande wa Kyerwa kuna machimbo ya bati, watu wanaosha changarawe kwenye mifereji mpaka wanabaki na mchanga mweusi, mzito kama nini. "Mzito kiasi gani?" nikamwuliza. Akasema, "Ukiujaza kwenye kikombe utadhani kimegundishwa mezani." Sikulala vizuri tangu hapo. Mama Eunike aliniona naitazama njia.

"Madume ndiyo yanaondoka masika yakiisha," alisema.

"Basi mimi ni dume, mama. Wala hukunipa siku."

"Siku ipi? Ulikuja Jumanne, na Jumanne nilikuwa nimekwisha kumpa mwingine." Alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani. Kama alivyofanya madume yalipotolewa, aliingia ndani kabla sijaondoka, na nilipofika kwenye kona hakuwa ametoka.

Nilitembea siku mbili. Nilirudi kwake mara nyingi miaka iliyofuata, na mara ya mwisho ilikuwa kumzika, lakini siku zile mbili nilizitembea kama mtu asiye na mahali pa kurudi, na kwa upande wa Ihembe ndivyo ilivyokuwa. Jioni ya siku ya pili, jua likiwa juu ya vilima vya Kyerwa, niliona kundi la ng'ombe wa pembe ndefu wanarudi nyumbani, nikawafuata kwa mazoea tu ya miguu. Mji ulikuwa mdogo, wa nyasi, safi sana. Bibi mmoja alitoka. Nikampigia magoti, tukasalimiana kirefu kwa lugha ya nyumbani, na kwa matamshi yangu alijua mara moja mimi ni mtoto wa watu gani. Uso wake ukafunguka. Alinikalisha kwenye majani mapya, akaingia ndani, akatoka na kyanzi kimejaa, mfuniko pembeni, na ule moshi mtamu wa majani ukanifikia kabla ya mkono wake. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Hakuna mtu pale aliyenijua. Nyakasimbi ilikuwa nyuma ya vilima vingi, na ningekunywa, ningelala, ningeondoka.

Sikunyoosha mkono. "Bibi," nikasema, "nimekunywa maziwa ya mbuzi."

Mkono wake ulirudi nyuma wenyewe. "Lini?"

"Masika haya. Yaliyochemshwa."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, bibi."

"Walikulazimisha?"

"Hapana. Kulikuwa na mtu anafukuzwa kwake."

Alisimama na kyanzi kifuani, ananitazama mimi, anatazama ng'ombe wanaoingia zizini. Ndama walikuwa wanalia. Kisha akaingia ndani, nikasikia anakiweka mahali pake polepole, na nikaanza kufunga kitenge changu kiunoni nikiangalia kama kuna mwanga wa kutosha kufika nyumba inayofuata. Alitoka na ndizi mbili za moto kwenye jani.

"Maziwa sikupi," alisema. "Kulala, utalala. Mlango ule wa kushoto, na uinamishe kichwa, ni mfupi."

Nikashukuru. Nilipokwisha kumeza ndizi ya kwanza nikamwuliza machimbo ya bati yako upande gani.

"Kula kwanza wewe," akasema yule bibi, akaketi karibu nami kunionyesha kwa fimbo, mchangani, njia ya kesho.